Hodi ya Kodi

Nchi ninayoisimulia haipo kwenye ramani yoyote, na afisa atakayesoma habari hii namwomba asihangaike kuitafuta. Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu mwaka juzi lilisajiliwa kuwa mali ya Hazina, na kulitamka mbele ya watu zaidi ya wanne kuna ada yake. Basi tuiite nchi yetu, maana hiyo "yetu" bado haijawekewa bei.

Ni nchi nzuri. Ina milima kumi na wizara arobaini, na milima inasemekana itaongezwa bajeti ikiruhusu. Katika hizo arobaini, ninayoipenda mimi ni ile inayosimamia Mfuko wa Akiba ya Uzeeni. Kila mfanyakazi hukatwa mshahara tangu siku ya kwanza kazini, akatunziwa. Kwenye ukuta wa makao makuu ya Mfuko wameandika kwa herufi za dhahabu: AKIBA HAIOZI. Wastaafu wanaujua ukuta huo vizuri sana, kwa sababu foleni ya mafao inapita hapo hapo. Maafisa nao wanaiamini hiyo methali kwa dhati. Kitu kisichooza, wanasema, kina haraka gani ya kutolewa?

Jirani yangu Bi Asnati Ndimbo alifanya kazi mapokezi, Wizara ya Fedha, mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa neno moja: karibu. Alilisema kwa mawaziri, kwa wadai, kwa mafundi bomba, na kwa wajane waliokuja kufuatilia mafao ya waume zao kwa mwaka wa saba. Kwa kuwa ndani ya jengo lile hakuna mwingine aliyewaambia wageni jambo la kueleweka, watu wengi waliondoka na lile karibu lake wakaridhika kwamba wamehudumiwa.

Binti yake, Yusta, ni muuguzi katika nchi moja ya mbali yenye baridi. Kaolewa huko na kijana wa kwetu, Obadia, na wamepata mtoto wa kike. Wakamwomba mama aende akaishi nao moja kwa moja. Bi Asnati alinieleza habari hiyo akiwa upande wake wa ua na mimi upande wangu.

"Kwenda nitakwenda, jirani," aliniambia. "Lakini kwa mkwe siendi mikono mitupu. Obadia ni kijana mzuri, simsemi. Ila siku nikimwomba hela ya kununua kandambili, heshima yangu imekwisha, na mkwe asiye na heshima kwa mama mkwe huanza kumdharau na mke. Nachukua akiba yangu yote, naondoka nayo. Nikalipie chumba changu na chumvi yangu."

Alichotaka ni hicho tu.

*

Mfuko una Mkurugenzi wa Mafao ya Waondokao, na wakati ule alikuwa Bwana Fulgensi Kitogo, mtu aliyesoma sana, na ukimtazama unaona elimu bado inamuuma. Nilimsindikiza Bi Asnati ofisini kwake kwa sababu nina muda. Mkurugenzi alitupokea amesimama, kisha akaketi yeye.

"Mama," alisema, "kabla sijakukabidhi fedha, taifa linapenda kukufahamu. Wewe ni mkaazi au ni mgeni?"

"Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa."

"Kuzaliwa ni suala la kitabibu, mama. Mimi nauliza kikodi."

Akatueleza, na alieleza vizuri. Mkaazi anayetoa akiba yake ili ahamie nje hukatwa theluthi mbili. Mgeni anayefanya hivyo hivyo hukatwa fungu la kumi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Mkurugenzi, macho yake yakienda dirishani kama anayehutubia uwanja. "Wahenga walisema, nasi tukatunga sheria. Mgeni akija, mwenyeji anapona. Lakini mwenyeji akiondoka, atapona nani? Swali hilo zito. Theluthi mbili ndiyo jibu lake."

"Basi niandike mgeni," Bi Asnati alisema. "Si naondoka?"

"Ukishaondoka, hakika, utakuwa mgeni. Tatizo ni kwamba Mfuko humlipa mtu aliyepo tu. Ukishaondoka hupo."

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Uwe mgeni ukiwa hapa hapa," alisema Mkurugenzi kwa upole. "Wananchi wenye juhudi wanaweza."

Nilitaka kujua mtu anapimwaje ukaazi, nikauliza. Nchi nyingine, Mkurugenzi alisema, huhesabu siku ambazo mtu amekaa nchini. Serikali yetu iliunda Tume ikazunguka dunia kujifunza utaratibu huo, ikarudi na kusema haufai. Tume yenyewe ilishindwa kukubaliana ilikuwa safarini siku ngapi, kwa sababu ya posho. Ikapendekeza turudi kwenye utamaduni wetu, na sheria ikaandikwa kwa lugha ambayo hata mtoto anaielewa: mkaazi ni mtu yeyote ambaye, akipigiwa hodi, hujibu karibu, na mgeni ni mtu asiyejibu.

"Mkaguzi wetu atakuja nyumbani kwako," Mkurugenzi alisema. "Atapiga hodi mara tatu kama ilivyo desturi ya waungwana. Ukinyamaza zote tatu, wewe si mwenyeji pale. Tunakupa nafasi tatu za kukaguliwa, kwa kuwa serikali ina huruma. Ukishinda unalipwa, lakini kwa mwaka mzima utakuwa katika matazamio. Popote utakapokuwa, ukisikika ndani ya mwaka huo ukimkaribisha mkaguzi, umerudia ukaazi, na tofauti ya kodi itachukuliwa benki."

Bi Asnati alimshukuru. Mlangoni tulipishana na mzee mmoja aliyekuwa anaingia kwa wasiwasi, na jirani yangu, bila kufikiri, akamwambia, "Karibu, baba." Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa masikitiko.

*

Mkaguzi aliyepangiwa mtaa wetu aliitwa Bwana Elinami. Alikuwa mnene, mwenye huruma, na viatu vyake vya kazi vililia kila hatua, hata mtu akajua serikali inakuja kabla haijafika. Siku ya ukaguzi wa kwanza nilikuwa uani kwangu nimejificha nyuma ya kanga zilizoanikwa. Bwana Elinami alisimama mlangoni kwa Bi Asnati, akajikohoza, akafungua kinywa.

"Ho..."

"Karibu, karibu baba, pita ndani, jua kali," Bi Asnati alisema.

Hata "di" hakumwachia. Bwana Elinami aliingia, akaamkia, akaitikiwa, akaletewa chai ya tangawizi na viazi vitamu vya moto. Alikula mpaka akafungua kifungo kimoja. Kisha akaandika kwamba mkaguliwa ameonyesha ukaazi wa kiwango cha juu, ukiambatana na viazi.

"Samahani, mama," alisema akiaga. "Umenikaribisha mapema mno. Kisheria ungeweza hata kutozwa ziada."

Jioni ile Bi Asnati alipiga hesabu ya theluthi moja itakayobaki. Nauli ingemeza karibu yote. Angefika kwa mkwe wake na sanduku la nguo na mkono wa kupokelea.

Mimi ndiye niliyempa shauri la maji. Wazee wetu wakitaka mtu anyamaze humwambia atie maji mdomoni, nami nikaona wahenga hawakusema bure. Ukaguzi wa pili Bi Asnati alikaa kwenye kochi mashavu yamejaa kama mtoto anayekataa dawa, nami nimekaa kando kumtia moyo. Viatu vikalia, vikasimama.

"Hodi."

Kimya. Nikampungia mkono wa pongezi.

"Hodi wenyewe," ilisema sauti ya nje, na tukasikia Bwana Elinami akishusha pumzi, akijisemea chini chini, "Jamani mguu huu leo utaniua."

Bi Asnati alimeza maji yote kwa mkupuo mmoja. "Karibu, baba," alisema. "Njoo uuweke juu ya stuli."

Nilikasirika siku ile, nasema wazi. Nilimwambia kwamba anaichezea safari ya kwa mjukuu wake kwa ajili ya mguu wa mtu wa kodi. Alinijibu huku anachemsha maji ya kumkandia, kwamba neno limetoka lenyewe, angelifanyaje.

*

Sasa hili nalisimulia, na labda ningeliacha, maana mambo yaliyofuata yalianzia kinywani mwangu. Kwa kinyozi nilieleza kisa cha jirani yangu kama kichekesho. Watu wakacheka. Halafu mmoja, muuza vipuri, akaacha kucheka na kuuliza: ina maana asiyejibu hodi anahesabiwa mgeni? Na mgeni hulipa fungu la kumi? Kwa pensheni tu, au na kwa duka?

Kinyozi alizima mashine. Tuliangaliana kwenye kioo.

Wiki ile ile mtaa ulinyamaza. Ukipiga hodi unasikia kijiko kikiwekwa chini taratibu, basi. Kisha mji ukanyamaza, na baada ya mji, wilaya. Mashemeji walipigiana hodi wakaondoka. Posa zilirudi na washenga wake. Mwanamke mmoja mtaa wa pili alizimia mbele ya mlango wa dada yake, na dada alimpepea kupitia dirishani ili asije akaonekana kuwa mwenyeji. Watoto wakafundishwa kwamba mtu mwenye adabu hukaa kimya kama nyumba tupu.

Sensa ilipofanyika, ilibainika kwamba nchi yetu haina mkaazi hata mmoja. Wote tulikuwa wageni, tukimtembelea nani, haikujulikana.

Ukaguzi wa tatu wa Bi Asnati uliangukia katika siku hizo. Yusta alikuwa amempigia simu asubuhi, akamwekea mtoto kwenye simu, na mtoto akapumua. Hakujua kusema, alipumua tu. Bi Asnati aliketi kwenye kiti cha mbao, akauma pindo la kanga, akanipa mkono nimshike.

Bwana Elinami alipiga hodi ya kwanza. Alipiga ya pili. Mkono wa jirani yangu ulikuwa umekaza mpaka pete yake ikaniumiza. Alipopiga ya tatu, niliona midomo ya Bi Asnati ikifanya kazi yake ya miaka yote, ka, ri, bu, bila sauti, na machozi yakishuka juu ya kanga.

Mkaguzi alisubiri nje zaidi ya inavyotakiwa, nadhani kwa ajili ya chai. Kisha akasoma kwa sauti ya kiserikali: "Kwa mamlaka niliyopewa, natangaza kwamba aliyemo ndani ya nyumba hii hana kwake." Akaongeza kwa sauti yake mwenyewe: "Hongera, mama." Viatu vikaondoka.

*

Alilipwa. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu wapo wanaoisema vibaya serikali yetu. Fungu la kumi likakatwa, na zilizobaki zikaingia benki, zake, nyingi za kutosha chumba na chumvi kwa muda mrefu. Uwanja wa ndege walimpitisha mstari wa wageni, wakamuuliza amefurahia nini zaidi katika matembezi yake nchini kwetu.

"Majirani," alisema.

Binti wa uhamiaji alimpa kalenda yenye picha za milima kumi.

Huko kwa Yusta mambo yalikwenda kama alivyotaka. Alinisimulia kwa simu kila Jumapili. Wanakaa ghorofa ya nne. Obadia alikataa hela ya chumba mara mbili, ya tatu akapokea, na tangu hapo wakawa wanakaa mezani kama watu wazima wawili. Alinunua koti kwa fedha yake. Alimnunulia mjukuu kigari kwa fedha yake, na akamwona Obadia akikisukuma kwa majivuno bustanini. Nilifurahi kusikia.

Lakini Jumapili zilivyozidi, hadithi zake zikawa fupi. Kule kuna kengele mlangoni, alisema, na wala haipigwi. Mtu akitaka kukutembelea anaweka miadi, miadi yenyewe ya mwezi ujao, na akifika anatazama saa. Yeye na mama wa mlango wa pili wamekutana kwenye ngazi tangu majira ya mvua mpaka ya theluji, na bado wanatazamana viatu. Yusta na mumewe wako kazini mchana kutwa. "Nimekaa vizuri, jirani," alikuwa anamalizia. "Sina shida." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

*

Wakati huo huo Hazina ilikuwa inakauka, maana wageni watupu hawajengi taifa. Waziri akaitisha mkutano na waandishi wa habari. Nilimsikiliza redioni nimesimama, kama ninavyofanya siku zote.

"Wananchi," Waziri alisema, "au niseme wageni wetu waheshimiwa. Adui wa nchi hii ni ukimya. Hodi na kodi vimetofautiana herufi moja tu, nasi tumeachia herufi moja ituangushe. Lakini wataalamu wetu wamegundua jambo. Mtu aliyeko nyumbani anaweza kuizoea nyumba isiyo na karibu. Aliyeko mbali hawezi. Kuanzia mwezi ujao, wakaguzi wote wanahamishiwa ughaibuni."

Nilidhani ni porojo. Kumbe, nasema kweli, serikali yetu inawajua watu wake. Wakaguzi walitawanywa kwenye miji ya mbali, kila mmoja na kofia ya sufu na orodha ya anwani. Walipanda ngazi za watu, wakaacha kengele, wakasema hodi. Waliohama kwa ujanja wakiwa na akiba zao, waliobadili majina, waliojifanya wamesahau lugha, mabingwa wa kunyamaza waliomshinda mkaguzi mara tatu nyumbani, wote waliitikia kabla hodi haijaisha. Mmoja alitoka bafuni na povu. Fedha zikaanza kurudi nyumbani kwa mafungu, na Waziri akapewa nishani ya Ukarimu.

Habari hizo ziliwafikia kina Yusta. Akamkalisha mama yake chini.

"Mama, mwaka wa matazamio unakaribia kwisha. Ukisikia hodi, usijibu. Nakuomba sana. Ziba masikio, mwimbie mtoto, fanya lolote."

"Nimesikia, mwanangu," Bi Asnati alisema.

*

Yaliyotokea alinieleza mwenyewe, kwa hiyo sikuongeza chumvi.

Ilikuwa mchana, theluji inaanguka. Mtoto kalala. Bi Asnati alisikia viatu vinalia kutoka chini kabisa ya ngazi. Akavitambua. Vilipanda polepole, vikipumzika kila ghorofa, vikafika ya nne, vikasimama.

"Hodi."

Alinyamaza. Alisema alimtazama mtoto, akaikumbuka benki, akanyamaza.

"Hodi humu ndani."

Alinyamaza tena. Alikuwa anajua kila kitu, jirani yangu huyu. Hakuna aliyemdanganya.

Hodi ya tatu ilitoka ndogo, ya mtu aliyepanda ngazi nyingi katika mji ambao hana hata wa kumuuliza ameamkaje.

"Karibu," Bi Asnati alisema. "Karibu, baba. Pita ndani, baridi kali."

Bwana Elinami aliingia na theluji mabegani. Alimwamkia, akaitikiwa, akapewa chai. Tangawizi ya kule haina makali, lakini alisema ni nzuri. Alikunywa nusu kikombe ndipo akaweza kumtazama.

"Hukunijua kwa sauti, mama?"

"Nilikujua kwa viatu, tangu mlango wa chini."

"Sasa kwa nini umejibu? Mwaka ulikuwa unakwisha. Na mimi nilikuwa nimekwisha kugeuka niondoke."

"Mwanangu," Bi Asnati alisema, "hapa nina chumba nakilipia, na mkwe wangu ananiheshimu. Sina ninachokosa. Ila tangu nimekuja hakuna mtu aliyenipigia hodi." Akachukua kikombe mikononi mwa mkaguzi, akakiweka mezani. "Toka nje, upige tena."

Bwana Elinami alitoka akafunga mlango. Akapiga hodi, akakaribishwa. Akatoka mara nyingine, akapiga, akakaribishwa, na safari hii alipoingia alikuwa anafuta macho kwa kofia ya sufu.

Lakini ni mtumishi mwaminifu, na sheria haina kifungu cha machozi. Kila karibu aliyoisikia aliiandika. Hazina ilipopokea taarifa ilikuta wakaazi watatu katika nyumba ile, wote wakiitwa Asnati Ndimbo. Theluthi mbili kwa kila mmoja: akiba ikaisha, na deni likabaki ambalo Obadia analilipa sasa kila mwezi, bila neno baya.

Alinipigia Jumapili kunieleza hayo. Nilimuuliza kama anajuta. Nikasikia kule kwake mtoto akilia na Obadia akimbembeleza.

"Jirani," aliniuliza, "hapo mtaani, watu wameanza tena kupigiana hodi?"

Nilitazama nje. Kila mlango ulikuwa umefungwa, na wangu.

"Wameanza," nikamwambia. "Hatulali kwa kelele."